Kupanga Safari ya Mashua ya Kutazama Matumbawe Kisiwani Mafia

Mara ya kwanza nilipopewa jukumu la kupanga safari ya ndugu na jamaa kwenda kutazama matumbawe kisiwani Mafia, nilianza pale ambapo wengi huanzia: nilitafuta Jumamosi ambayo watu wote 11 walikuwa na nafasi, nikalinganisha bei, nikalipa. Tulipofika ufukwe wa Utende saa 4 asubuhi, mashua tuliyokodi ilikuwa imelala ubavu juu ya mchanga, na bahari ilikuwa imerudi mbali kiasi kwamba akina mama wa kijijini walikuwa wakitembea na vijiti kutafuta pweza mahali ambapo sisi tulitarajia kuelea. Ilikuwa mwezi 16, yaani siku ya 16 tangu mwezi kuandama. Tulikaa chini ya mkungu hadi saa 8 mchana, na tulipofikia mwamba wa matumbawe upepo ulikuwa umekwisha kuamka, maji yametibuka na watoto wamechoka. Wakala aliyetupangia hakuwa ametudanganya lolote. Alitupa siku ile ile tuliyoiomba, ila hakutuuliza wala hatukumuuliza habari za maji.

Tangu hapo nimepanga safari kama hiyo mara nyingi, kwa familia, kwa walimu na kwa wafanyakazi wenzangu, na utaratibu ninaoueleza hapa huanza na mwezi, hufuata upepo, kisha ndipo huja chombo, watu na fedha. Nauandika kwa ajili ya mtu anayeishi Dar es Salaam, Morogoro au Dodoma, ambaye ameombwa na wenzake awe mpangaji na ambaye pengine hajawahi kutia uso wake ndani ya maji ya bahari. Kuogelea juu juu kwa miwani na bomba la kupumulia, ambako vijana wa ufukweni hukuita snokeli, hakuhitaji nguvu nyingi wala mafunzo marefu kama kuzamia kwa mitungi, lakini kunahitaji kwamba mtu ateremshwe mahali panapofaa kwa saa inayofaa, na hiyo ni kazi ya mpangaji.

Nimechagua Mafia kwa sababu ndiko ninakokujua, na kwa sababu Ghuba ya Chole, iliyo upande wa kusini-mashariki wa kisiwa, imekingwa na visiwa vya Juani na Chole hivi kwamba bustani za matumbawe hukua mahali penye kina kidogo ambapo mtu aliye juu ya maji huziona vizuri. Eneo hilo limo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, ambayo ilianzishwa mwaka 1995, mwaka mmoja baada ya kutungwa sheria ya hifadhi za bahari na maeneo tengefu, na ndiyo ya kwanza ya aina yake Tanzania. Ina ukubwa wa kilomita za mraba 822, na ndani yake kuna vijiji vyenye watu wanaoishi, wanaovua na wanaosali humo, jambo ambalo mgeni anapaswa kulikumbuka tangu hatua ya kwanza ya mipango yake.

Mwezi kabla ya kalenda

Maji ya pwani yetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili katika muda wa siku moja na dakika 50 hivi, na kwa hiyo saa ya kujaa husogea mbele kwa takriban dakika 50 kila siku. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji huwa bamvua, yaani hujaa sana na kupwa sana, na tofauti kati ya kujaa na kupwa hupita mita 3. Mwezi unapokuwa nusu, maji huwa mafu: hupanda kidogo, hushuka kidogo, na mkondo wake huwa mpole. Pwani ya Tanzania ina jambo moja linalomrahisishia sana mpangaji, nalo ni kwamba saa hizi hujirudia kila mwezi bila kubadilika sana. Siku za bamvua maji hujaa mnamo saa 10 alfajiri na saa 10 jioni, na hupwa kati ya saa 4 na saa 5 asubuhi. Siku za maji mafu mambo hugeuka, na maji hujaa kati ya saa 4 na saa 5 asubuhi na kupwa jioni.

Kwa hiyo mtu mwenye kalenda ya Kiislamu ukutani tayari ana nusu ya jedwali la maji. Mimi hutafuta siku iliyo kati ya mwezi 8 na mwezi 12, au kati ya mwezi 23 na mwezi 27, kwa sababu katika siku hizo maji hujaa baina ya saa 4 asubuhi na saa 7 mchana, na kundi hupata asubuhi nzima ya maji yanayopanda. Baada ya kupata siku mbili au tatu za namna hiyo, hufungua jedwali la maji la bandari ya Dar es Salaam, ambalo saa zake hazitofautiani sana na za Mafia, nikathibitisha dakika. Kisha ndipo huwauliza wenzangu ni ipi kati ya siku hizo itakayowafaa. Wengine hunung'unika kwamba siku imeangukia Jumanne. Nimejifunza kusimama imara hapo, kwa maana likizo ya siku moja ya kazi ni gharama ndogo kuliko kumsafirisha mtu hadi Mafia akaangalie matope.

Sababu za kupendelea maji yanayojaa ni tatu, na ni vyema mpangaji azielewe ili asikubali kirahisi kuambiwa kwamba "maji yoyote yanafaa". Kwanza ni kina: maji yakipwa, sehemu ya mwamba hubaki na maji ya magotini, na asiyezoea huishia kusimama juu ya matumbawe, akajikata miguu na kuyavunja. Pili ni usafi wa maji, kwa kuwa maji yanayojaa huingia kutoka bahari kuu yakiwa meupe na yenye kuonyesha mbali, ilhali yanayotoka hupitia kwenye mikoko na kwenye vina vya matope na kuja yamebeba vumbi la chini. Tatu, na hii ndiyo iliyo nzito, ni mkondo. Ghuba ya Chole hutoa sehemu kubwa ya maji yake kupitia Mlango wa Kinasi, na maji yanapokupwa kwa nguvu siku za bamvua, mkondo wa hapo humchukua muogeleaji kuelekea bahari kuu kwa kasi ambayo mapezi ya miguuni hayawezi kuishinda. Kundi la wanaoanza halina shughuli karibu na mlango huo maji yakipwa, hata kama nahodha anasema amepita hapo maelfu ya mara. Yeye hupita ndani ya chombo.

Kuna wanaopenda picha za chakula juu ya fungu la mchanga katikati ya bahari, na ni kweli kwamba mandhari hayo hayasahauliki, lakini mafungu hutokeza vizuri maji yakiwa yamepwa. Anayetaka fungu achague siku ya bamvua na akubali kwamba matumbawe atayaona kwa saa chache za alasiri, au apange siku mbili tofauti. Kujaribu kuvipata vyote kwa siku moja ndiko kunakozaa safari ambazo watu hurudi nazo wakiwa hawajashiba chochote.

Majira ya upepo

Kusi, upepo utokao kusini, huanza kuvuma mnamo Aprili au Mei na huwa kali zaidi Juni na Julai; kaskazi, utokao kaskazini, huvuma kuanzia Desemba hadi Machi. Katikati ya pepo hizi mbili huja maleleji, yaani majira ya upepo mwanana, na maleleji ya Oktoba na Novemba ndiyo majira ninayoyapenda kuliko yote, kwa sababu bahari hulala, maji hung'aa, na masika bado yako mbali. Februari na nusu ya kwanza ya Machi hufaa pia, na maji huwa na joto la karibu nyuzi 29 au zaidi. Aprili na Mei ni miezi ya kuiacha: mvua kubwa hushusha matope kutoka bara, na nyumba kadhaa za wageni hufunga. Julai na Agosti safari inawezekana ndani ya ghuba, hasa asubuhi kabla upepo haujapanda, lakini maji hupoa hadi nyuzi 25 hivi na watoto huanza kutetemeka baada ya nusu saa.

Siku tatu kabla ya kuondoka, fuatilia utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, ambao hutaja upepo na urefu wa mawimbi kwa pwani, na usione haya kuahirisha. Katika makubaliano yako na mwenye chombo, andikeni mapema kwamba hali ya bahari ikiwa mbaya safari itasogezwa mbele bila malipo ya ziada; mwenye chombo anayekataa sharti hilo anakuambia kwamba siku ya upepo atakubeba tu.

Iwapo kundi linatamani pia kumwona potwe, yule papa mkubwa mwenye madoadoa asiyemdhuru mtu, basi Oktoba hadi Februari ndio wakati wake, naye hupatikana upande wa magharibi, karibu na Kilindoni, mji mkuu wa kisiwa, na si Ghuba ya Chole. Hiyo ni safari nyingine yenye chombo chake na asubuhi yake. Nitasema tu kwamba potwe wengi wa Mafia ni wachanga bado, ingawa tayari wana urefu wa mita 6 au 7, na kwamba mwongozaji mwema huwashusha watu majini kimya, huwaweka umbali wa mita 3 au zaidi kutoka mwilini mwake na mbali zaidi na mkia, na hamruhusu yeyote kumgusa.

Chombo na nahodha

Mtafute mwenye chombo ukiwa umekwisha kujua siku yako na saa ya maji. Swali la kwanza ninalomuuliza mtu yeyote anayetaka kunikodisha mashua ni hili: "Siku hiyo maji yanajaa saa ngapi, na wewe ungetaka tuondoke saa ngapi?" Mtu wa bahari hulijibu bila kutazama simu, na mara nyingi hurekebisha mpango wangu kwa busara ambayo nisingeipata kwenye jedwali lolote. Anayejibu kwamba tutaondoka saa yoyote nitakayo huwa simrudii.

Baada ya hapo uliza cheti cha ukaguzi wa chombo. Tanzania Bara kazi hiyo iko chini ya Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania (TASAC), na chombo cha abiria kinapaswa kuwa kimesajiliwa na kukaguliwa, huku idadi ya watu kinaoruhusiwa kubeba ikiwa imetajwa. Hesabu mabaharia na mwongozaji pia ndani ya idadi hiyo. Ukiweza kufika siku moja kabla, nenda ukakitazame chombo chenyewe kikiwa ufukweni: angalia kama kuna jaketi okozi kwa kila mtu, zikiwemo ndogo za watoto, na uzijaribu kamba zake, kwa sababu jaketi lililochakaa na kukosa vifungo ni pambo tu. Angalia kama kuna pondo, yaani mti mrefu wa kusukumia chombo, au makasia endapo injini itazimika, kama tanga lipo na linafaa, kama ngama, yaani sehemu ya chini ndani ya chombo, ni kavu na kuna kitu cha kufulia maji, kama kuna kivuli, na juu ya yote kama kuna ngazi. Ngazi husahauliwa na wengi. Kuteremka majini ni rahisi kwa kila mtu. Kupanda mashua yenye ubavu mrefu ukiwa umechoka, kwa mama wa miaka 50 mwenye goti bovu, bila ngazi, ni fedheha na ni hatari pia.

Muulize nahodha atatia nanga wapi. Jibu unalolitaka ni boya lililokwisha kuwekwa au mahali penye mchanga mtupu, kwani nanga inayotupwa juu ya matumbawe huvunja kwa dakika moja kitu ambacho kimekua miaka mingi. Matumbawe ya duara hunenepa kwa kiasi cha sentimita 1 kwa mwaka. Mwamba wa Mafia umekwisha kuumia vya kutosha. Joto la bahari la mwaka 1998 lilichoma matumbawe kwa wingi mno katika pwani yote ya Afrika Mashariki, na sehemu nyingine zimejijenga upya kwa shida, ndiyo maana naliuliza swali hili hata ninapomfahamu nahodha.

Kuhusu bei, hakikisha unajua kama unalipa kwa kichwa au kwa chombo kizima, na kama kiasi hicho kina mafuta, chakula, maji ya kunywa, vifaa na malipo ya mwongozaji ndani yake. Ada ya hifadhi huwa mbali na bei hiyo. Kila anayeingia hifadhini hulipa katika lango la Utende. Raia hulipa kwa shilingi na kiwango chake ni cha chini sana kuliko cha wageni, hivyo kila mmoja abebe kitambulisho chake. Malipo hufanywa kwa namba ya malipo ya serikali, nawe utunze stakabadhi mpaka mwisho wa safari. Usikubali ada hiyo kupitia mfukoni mwa mtu kwa ahadi kwamba "tutapita tu".

Mwongozaji

Nahodha hubaki na chombo. Mwongozaji huingia majini na watu. Ni kazi mbili tofauti, na mtu mmoja hawezi kuzifanya kwa pamoja, ingawa utakutana na wanaokuambia kwamba anaweza. Kwa kundi la wanaoanza napendelea mwongozaji mmoja kwa watu 4, au 5 wakizidi sana, na kwa watu wanaoogelea vizuri mmoja kwa 8. Mwulize amejifunzia wapi huduma ya kwanza, atafanya nini mtu akipaliwa na maji, na anabeba nini anapoingia majini. Anayebeba boya lenye kamba, ili aliyechoka alishike na kuvutwa, huyo ameielewa kazi yake.

Jambo jingine la kumpima nalo ni majina. Mwongozaji aliyekulia Utende, Chole au Jibondo atakuonyesha pono wakitafuna mwamba hadi sauti isikike ndani ya maji, kangaja wakipita kwa kundi, mkunga akichungulia shimoni, kiti cha pweza juu ya mchanga, na kasa akila majani ya bahari, na atakueleza ni nani kati yao huvuliwa msimu gani na kwa nini wengine wamepungua. Maelezo hayo ndiyo yanayofanya safari iongozwe kweli. Bila hayo mtu huona rangi tu na kuzisahau kabla ya kufika Kilindoni. Kwa sababu hiyo mimi huomba mwongozaji azungumze na kundi kwa dakika 15 kabla ya kupanda chombo, kwa Kiswahili, wakati akili za watu bado zimetulia.

Katika mazungumzo hayo ndimo sheria za mwamba zinapoelezwa: hakuna kusimama juu ya matumbawe, hakuna kugusa, hakuna kuokota kombe hata lililokufa, hakuna kulisha samaki mkate. Aeleze pia viumbe vinavyoumiza. Vile vyeusi vya mviringo vyenye miiba mirefu hujificha kwenye nyufa, samaki jiwe hufanana kabisa na jiwe, na konyeza, kiumbe laini kama jeli kinachowasha, huja kwa majira. Aliyechomwa na samaki jiwe atiwe mguu kwenye maji ya moto kadiri awezavyo kuvumilia bila kuungua, huku safari ya hospitali ya wilaya iliyoko Kilindoni ikianza mara moja. Chupa ya maji ya moto, kwa sababu hiyo, hukaa katika kikapu changu pamoja na sanduku la huduma ya kwanza, na kwa bahati njema hadi leo imetumika kwa chai peke yake.

Wasiojua kuogelea

Katika kila kundi nililowahi kulipeleka, zaidi ya nusu hawakujua kuogelea, na wengi wao walinificha mpaka tulipofika juu ya mashua. Hawakuficha kwa ubaya. Mtu mzima huona aibu kukiri jambo hilo mbele ya wadogo zake. Siku hizi huuliza kila mtu peke yake, kwa simu, wiki moja kabla, na katika mazungumzo hayo hayo humuuliza pia kuhusu pumu, presha, kifafa, ujauzito na dawa anazotumia. Mwenye kifafa au maradhi ya moyo apate kwanza ruhusa ya daktari wake. Hakuna anayeachwa nyumbani kwa kutojua kuogelea, ila huyo huhitaji saa moja ya maandalizi ambayo mwenzake haihitaji.

Saa hiyo ipangie jioni ya siku iliyotangulia, au asubuhi yenyewe ikiwa maji yanaruhusu, mahali penye mchanga na kina cha kiunoni. Anza na miwani. Mwambie aiweke usoni bila kufunga mkanda, avute pumzi kidogo kwa pua, kisha aachie mikono. Ikibaki imeshika, inamfaa, na ikianguka atafutiwe nyingine. Nywele zilizoingia chini ya ukingo wa mpira huleta maji, ndevu za juu ya mdomo nazo huleta maji, na kwa dada zetu wanaojistiri, ushungi uvutwe nyuma kidogo ili kitambaa kisikae kati ya mpira na ngozi, halafu mkanda upite juu yake. Kioo kipakwe mate au tone la shampuu ya watoto na kusuuzwa, la sivyo kitafanya ukungu. Miwani ile ya kufunika uso mzima siipendi kwa wanaoanza, kwa sababu pumzi chafu inaweza kujikusanya ndani yake, na ni shida kuivua kwa haraka mtu akiingiwa na hofu.

Kisha asimame, ainame, atie uso majini na apumue kwa bomba akiwa bado miguu yake iko chini. Asifanye jingine lolote mpaka pumzi yake itulie na iwe ndefu. Dakika tano hizo ndizo zinazoamua kama siku yake itakuwa ya raha au ya mateso, na mpangaji asiruhusu mtu yeyote amharakishe. Baada ya hapo ajifunze kupuliza kwa nguvu ili kutoa maji yaliyoingia kwenye bomba, aelee akiwa ameshikwa mkono, kisha aelee peke yake akiwa amevaa jaketi okozi. Mapezi huja mwisho. Nimemwona shangazi yangu, aliyezaliwa Iringa na ambaye bahari aliijua kwa kuiangalia tu kutoka Kivukoni, akipitia hatua hizi zote jioni moja huku ameshika mkono wa mwongozaji bila kuuachia. Kesho yake alikaa juu ya mwamba dakika 40, na ilibidi tumwite mara tatu atoke.

Wafundishwe pia ishara mbili, kiganja juu ya kichwa kwa maana ya kwamba niko salama, na mkono kupungwa juu kwa maana ya kwamba nahitaji msaada, na kila mtu apewe mwenzi ambaye hatakwenda bila yeye. Mzazi asiwe mwenzi wa watoto wawili.

Siku yenyewe

Tuseme umechagua mwezi 10, na maji yanajaa karibu na saa 6 mchana. Kundi likusanyike Utende saa 2:30, mazungumzo ya mwongozaji yafanyike hapo hapo, na mashua iondoke saa 3 na kitu. Wanaochafukwa na roho baharini wawe wamekula kidogo na kumeza dawa zao saa moja kabla, na wakae karibu na shetri, sehemu ya nyuma ya chombo, wakitazama mbali. Watu waingie majini saa 4 hivi, kwa mafungu, wasiojua kuogelea wakitangulia na mwongozaji wao wakati nguvu zao ni mpya. Dakika 40 zinatosha kwa mara ya kwanza. Wapumzike, wanywe maji na kula ndizi au embe, kisha warudi kwa mara ya pili mpaka maji yatakapokaribia kusimama.

Shati la mikono mirefu na suruali nyepesi ya kubana humkinga mtu na jua la mgongoni kuliko mafuta yoyote, na mafuta mengi ya kuzuia jua yana kemikali zinazodhuru matumbawe. Atakayelazimika kuyatumia achague yale ya zinki na ayapake nusu saa kabla. Vazi la kuogelea linalofunika mwili wote, ambalo dada wengi wanalo sasa, ni bora kwa kila mtu, awe Mwislamu au asiwe. Kila mmoja abebe pia kanga au kitenge cha kujifunga anaposhuka ufukweni, kwani Utende, Chole na Juani ni vijiji vya watu wenye heshima zao, na kupita mbele ya msikiti ukiwa na nguo ya kuogelea ni kuwakosea wenyeji. Siku ya Ijumaa usipange chochote kinachowazuia mabaharia kuwahi swala, na katika mwezi wa Ramadhani fupisha safari, wala usiwatwike waliofunga kazi ya kukupikia juani.

Mahali pa chakula cha mchana mimi hupendelea kisiwa cha Chole, kwa sababu kuna kivuli cha mibuyu na miembe, kuna magofu ya zamani ya kutembelea, kuna popo wakubwa wanaoning'inia mitini mchana kutwa, na fedha ya wali wa nazi na samaki wa kuchoma hubaki mikononi mwa akina mama wa pale. Agiza siku mbili kabla na utaje idadi kamili ya watu. Wanaosali adhuhuri hupata maji na mahali. Taka zote, hata maganda ya peremende, hurudi nanyi Utende ndani ya mfuko ulioletwa kwa kazi hiyo.

Mpangaji abaki na orodha ya majina iliyoandikwa kwenye karatasi. Watu wahesabiwe kwa majina wanapopanda, wanapoingia majini, wanapotoka majini na kabla ya nanga kung'olewa, kila mara na watu wawili tofauti ambao hesabu zao lazima zilingane. Hilo la mwisho halina mjadala hata kama kila mtu anaapa kwamba wote wapo.

Ondokeni Chole mapema kiasi cha kufika Utende maji yakiwa bado yanaifikisha mashua karibu na ufukwe, maana baada ya saa 10 watembezi watalazimika kuvuka matope wakiwa na watoto begani. Vifaa vya kukodi visuuzwe kwa maji baridi na kurudishwa vikiwa vimehesabiwa, malipo yaliyobaki yakabidhiwe kwa mwenye chombo mbele ya shahidi, na bakshishi ya mabaharia wapewe wenyewe mkononi, kila mmoja chake. Kisha muulize nahodha, kabla hajakwenda zake, ni mwezi gani ujao atakaokuwa na nafasi kati ya mwezi 8 na mwezi 12, kwa sababu ndani ya gari la kurudi Kilindoni watu wataanza kukuuliza mtarudi lini.